Maji Saba ya Ilwad

Hagar Weyn, kupitia kwa Alio wa duka la nguo, Garissa
3 Novemba 1996

Kwa binti yangu Ilwad,

Assalamu alaykum. Mimi baba yako Hared Nuh nina miaka sabini na nne, na anayesema themanini ana wivu. Nimeishi kuliko ma-DC kumi na wanne, Wazungu na Waafrika. Nimeishi kuliko sotoka na ukame saba wenye majina yao. Risasi ya shifta ilipita upande huu wa kichwa, risasi ya serikali upande ule, kichwa ni hiki hapa kinaandika. Mwaka 1979 daktari mmoja aliniambia sitaufikia mwezi wa Ramadhani. Yeye ndiye hakuufikia. Kwa hiyo usidhani barua yako ya kurasa mbili itanishinda.

Nimeisoma mara nne. Unasema huu ni mwaka wa tatu unachunguza maji. Nikafurahi, nikamwita mama yako aje asikie. Kisha unasema maji yenyewe ni saba. Saba nini? Madebe? Mitungi? Hapana, unasema ni chembe saba, ndogo hata ukiziweka juu ya ncha ya sindano hazionekani. Mama yako akaondoka kwenda kuangalia mbuzi. Alicheka akiwa njiani, nilimsikia.

Ilwad, huku hakuna mvua tangu mwezi wa tano. Ng'ombe wangu walikuwa hamsini na sita, sasa sitaki kuandika hesabu. Wewe uko mahali pa theluji, unahesabu maji mpaka saba.

Sasa sikia habari ya maana. Watu wa msaada wa ukame wataleta mtambo wa kuchimba kisima mwezi wa tatu. Kijiji kimoja shimo moja, halafu mtambo unaenda Wajir. Kamati ya maji ya Mwalimu Salat imesema shimo liwe kando ya shule, karibu na duka la Abdimalik. Mimi nimesimama nikawaambia wangoje, Hared ana binti Ulaya, kazi yake ni maji. Wamekubali kungoja. Kwa hiyo mwezi wa tatu uwe hapa. Usilete koti.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali nilipewa na mama, na mama hakuwa na kalamu. Kalamu nilipewa na sajini nilipokuwa dubas, askari wa kilemba chekundu, na sajini alikuwa na Kiswahili tu na kiboko. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Hakuna mtu amenishika mkono.

Baba yako,
Hared Nuh, dubas namba 61


Lund, Uswidi
27 Novemba 1996

Aabo mpendwa,

Wa alaykum salaam. Barua yako imenifikia nikiwa na mafua, na nilipofika kwenye habari ya mtambo wa kuchimba kisima mafua yalikatika kwa hofu.

Aabo, mimi si mtu wa visima. Nilikuambia hivyo nilipopata ufadhili, nikakuambia tena uwanja wa ndege, na nimeandika hivyo katika barua tatu. Sijui kuchagua mahali pa kuchimba. Ukinipeleka hapo Hagar Weyn nitasimama tu na kutazama mchanga kama mgeni yeyote. Tafadhali waambie hivyo watu kabla hawajangoja zaidi.

Nijaribu tena kukueleza kazi yangu, kwa mara ya mwisho. Kuna bomba la chuma lililopindwa duara, kubwa kama boma la ngamia. Ndani yake hewa yote imetolewa. Humo elektroni zinakimbizwa kwa kasi kubwa, na sumaku zinazilazimisha zikate kona. Unakumbuka ukiwageuza ngamia ghafla, vumbi linavyoruka upande wa nje wa kona? Elektroni nazo zikikata kona zinarusha kitu, ila si vumbi, ni mwanga. Mwanga huo mkali unaitwa wa sinkrotroni, na ndio tunaoutumia.

Mimi nachukua mvuke wa maji, naupitisha kwa nguvu kwenye tundu dogo kuliko la sindano, unatoka upande wa pili ukiwa baridi sana. Kwa baridi hiyo molekuli za maji zinashikana: mbili, saba, ishirini, mia. Mwanga unapiga kila kikundi, unang'oa elektroni, nami napima ilikuwa imeshikwa kwa nguvu kiasi gani. Mwenzangu mmoja anafanya hivyo na chembe za fedha. Punje ya fedha ikipungua sana inaacha kufanya kama fedha. Swali langu mimi ni hilo hilo kwa maji. Molekuli moja peke yake si maji, Aabo, haiwezi kulowanisha hata ulimi. Ni ngapi zikikaa pamoja ndipo zinaanza kuwa maji?

Mwanga huu ni wa watu wengi, na kila mmoja ana zamu yake, kama kisimani. Yangu ni tarehe 10 hadi 15 Machi. Nikiikosa, nyingine ni Oktoba, na ufadhili unaisha Juni. Siwezi kuja mwezi wa tatu. Nisamehe.

Msalimie Hooyo. Mwambie nimemsikia akicheka.

Binti yako,
Ilwad


Hagar Weyn
22 Desemba 1996

Kwa Ilwad,

Mambo ya kona nimeelewa, pengine kukushinda wewe, maana wewe vumbi la ngamia ulilionea nyuma ya sketi ya mama yako, mimi nilikuwa ndani yake. Hiyo nimekubali. Nimeielezea hata kwa Alio pale dukani Garissa, akasahau kunipimia kitambaa.

Lakini zamu? Binti yangu, zamu naijua kabla babu ya profesa wako hajazaliwa. Mtu akipatwa na jambo kubwa, anawaambia watu wa kisima, nao wanamwachia mwingine anyweshe, yeye ananywesha akirudi. Zamu haifi. Mwambie profesa wako hivyo. Kama hajui sheria ya kisima, ameshikaje kisima?

Lakini basi. Usije. Nimeamua mimi mwenyewe kwamba usije, si kwa sababu umekataa. Fanya jambo moja dogo. Chukua karatasi yenye jina la chuo juu, andika mstari mmoja tu: Msichimbe kando ya shule, hapo maji ni chumvi, chimbeni kwenye laga, pale bonde la mchanga linapopinda. Weka sahihi. Kama kuna muhuri weka. Muhuri ni muhimu kuliko sahihi. Tuma upesi.

Usiniulize maswali. Ukiwa mdogo ulikuwa unauliza kwa nini mbuzi ana ndevu, nikakujibu. Umekula maswali yako yote wakati ule.

Barua yako niliwasomea watu wote kwenye baraza. Nilisimama, nikasoma kwa Kisomali moja kwa moja, bila kusita, na walifurahi sana. Abdimalik, ambaye mdomo wake haufungwi hata msikitini, alisikiliza mpaka mwisho.

Ng'ombe wangapi wamebaki usiulize pia.

Baba yako,
Hared Nuh


Shule ya Msingi Hagar Weyn
9 Januari 1997

Kwa Bi. Ilwad Hared,

Salamu nyingi sana kutoka kwa Kamati ya Maji ya Hagar Weyn. Huenda unanikumbuka, mimi ni Mwalimu Salat, niliyekufundisha darasa la saba nikiwa bado mwembamba. Anwani yako niliiona nyuma ya bahasha.

Kwa niaba ya kamati nakushukuru kwa ushauri wako wa kitaalamu, ambao mzee wetu Hared alitusomea katika baraza la Desemba. Umetueleza kwamba umeyapima maji ya chini ya ardhi yetu kwa mwanga kutoka Ulaya, na kwamba kando ya shule kuna chumvi nyingi, ilhali kwenye laga maji ni matamu. Maneno haya yamewagusa watu. Nusu ya kamati sasa inataka laga, nusu bado inataka shule kwa ajili ya watoto.

Dada yangu, sikutaka kumwomba mzee anionyeshe barua ile. Barua ya binti ya mtu haishikwi na mtu mwingine, wewe unajua. Lakini nilisikia mahali fulani maneno yakienda marefu kuliko karatasi. Pengine nimekosea. Kwa kuwa mtambo utakuwa hapa siku kumi tu, kuanzia tarehe 20 Machi, na shimo ni moja, nakuomba uthibitishe kwa mkono wako kwamba ushauri ule ni wako. Tukichimba pabaya, hakuna atakayeturudia.

Ramadhani iko mlangoni. Mungu atukubalie.

Wako,
Salat Shuaib
Katibu wa Kamati


Lund
24 Januari 1997

Aabo,

Uliwasomea nini?

Ninayo nakala ya barua yangu hapa. Kuna bomba, kuna sumaku, kuna tundu la sindano. Hakuna laga. Hakuna shule. Hakuna mwanga unaotoka Uswidi ukapenya chini ya Hagar Weyn. Hakuna mtu duniani mwenye mwanga wa namna hiyo! Mwalimu Salat ameniandikia kwa heshima kubwa akinishukuru kwa upuuzi ambao sikuusema, na kila mstari wa shukrani yake umenichoma.

Mimi hapa nikipima kitu kimoja, napima mara mia moja kabla sijathubutu kukitaja mbele ya watu. Profesa akiniuliza umejuaje, lazima niwe na jibu, la sivyo sina kazi. Wewe umesimama na karatasi yangu mkononi ukawapa watu wenye kiu maneno kutoka hewani, ukayaita yangu. Wakichimba wakapata vumbi, watasema binti Hared ndiye aliyewaua ng'ombe wao. Na watakuwa na haki, maana wewe umeniapisha bila kuniuliza.

Nataka kumjibu Salat leo. Nimeandika barua mara mbili nikaichana mara mbili. Nikimwambia ukweli, nakuvua nguo mbele ya baraza. Nikinyamaza, naunga mkono uongo, na shimo ni moja.

Kwa hiyo nijibu, na usinipige chenga. Umejuaje kwamba kando ya shule ni chumvi? Unajua, au unamchukia Abdimalik tu?

Ilwad


Hagar Weyn
13 Februari 1997

Kwa Ilwad,

Idi imepita bila nyama ya kutosha. Barua yako haikusalimu. Mimi nasalimu. Assalamu alaykum.

Abdimalik simchukii. Namdharau, ni tofauti, haihitaji nguvu.

Unauliza nimejuaje. Hakuna mtu ameniuliza swali hilo miaka arobaini, na sasa linatoka kwa mtoto wangu kama wakili. Basi fungua masikio.

Mwaka 1953 tulikuwa dubas sita tukimlinda Mzungu mmoja wa kutafuta maji. Alituchimbisha shimo mahali ambapo leo ni uwanja wa shule. Siku kumi na moja, kimo cha watu saba. Maji yakaja. Ngamia walikunywa wakipiga chafya. Ng'ombe walikaribia, wakavuta pumzi, wakageuza shingo na kuondoka. Sisi tukachemsha chai, ikawa kama kunywa machozi. Mzungu akaandika katika kitabu chake, tukafukia juu, tukaondoka. Kitabu kilikwenda Nairobi au kwao, sijui. Kitabu hakipo. Mimi nipo.

Ukame wa 1984, wewe ukiwa shule ya bweni, nilichimba kwenye laga kwa mikono hii, pale inapopinda, kwa sababu niliona punda wanakwaruza hapo na kwato alfajiri tatu mfululizo. Kimo cha watu watatu, maji matamu. Ng'ombe kumi na mmoja walipona. Mama yako alibeba maji yale wiki tisa mgongoni. Mafuriko yakaziba. Wengine walioona wamekufa, au wamehamia upande wa Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi, kuuza vitu.

Haya nimeyasema mbele ya kamati mara tatu, Ilwad. Mara tatu nimesimama na goti hili. Unajua karani aliandika nini katika kitabu cha kamati? Nilimlazimisha anisomee. Ameandika: Mzee Hared pia alizungumza. Basi. Mara ya pili: Mzee Hared pia alizungumza. Abdimalik aliyesema watoto watafurahi wana maji karibu, ameandikiwa mistari sita. Mara ya tatu hata jina langu hakuandika, kalamu ilikwisha wino.

Halafu barua yako ikaja. Nikasimama nayo ili niwaeleze tu kwamba binti yangu ana kazi kubwa. Nikaona watu wote wananyamaza. Watu walionisikia miaka yote kama mbuzi analia, wananyamaza, wanaangalia karatasi. Karatasi nyembamba ile! Mdomo ukaenda wenyewe. Niliwaambia ninayoyajua. Nilibadilisha mwenye maneno tu. Kama nimewaambia neno moja la uongo kuhusu maji, Mungu anione. Uongo ulikuwa ni kusema maneno ni ya nani.

Sasa andika kwa Salat kwamba ni yako. Maji ni yale yale.

Baba yako,
Hared


Lund
28 Februari 1997

Aabo,

Assalamu alaykum. Nimekosa adabu, ni kweli. Nimesalimu sasa.

Nimekaa na barua yako siku mbili. Ng'ombe wanaogeuza shingo ni kipimo. Punda wanaokwaruza mahali pamoja alfajiri tatu ni kipimo. Sikujua unayo mambo haya. Ulinisimulia risasi mara elfu, hukunisimulia shimo hata mara moja.

Lakini sitatia sahihi. Sikiliza kabla hujatupa karatasi. Ukichukua mambo uliyoyaona kwa macho yako ukayavika jina langu, mtu yeyote anayeniuliza nimejuaje atakuta sina kitu. Siwezi kujibu swali hata moja kuhusu shimo la 1953. Wewe unaweza kujibu yote. Wanaume sita, siku kumi na moja, kimo cha watu saba, chai. Mwenye ushahidi ni wewe, na umeutoa ukampa mtu asiyekuwepo.

Nitakuambia nitakachofanya. Leo hii namwandikia Mwalimu Salat mambo mawili tu. La kwanza, kwamba ushauri uliosomwa si wangu na sina utaalamu wa visima. La pili, kwamba namwomba amsikilize mtu aliyechimba mashimo hayo, na aandike kila neno lake. Barua yake naituma ndani ya bahasha hii hii, imefungwa. Utampa wewe mwenyewe kwa mkono wako. Ukitaka kuichoma, moto unao. Sitajua mpaka kisima kichimbwe.

Kisha mambo ya kazi. Watu wa mtambo huwa na kijiti cha umeme, kifupi kama mswaki, wanakichovya majini na kinawaambia kiasi cha chumvi papo hapo. Waombe wachovye katika shimo lako la 1953 kabla ya kuchimba popote. Na mchukue Hooyo. Yeye alibeba maji ya laga wiki tisa. Kwa nini hakusema lolote kwenye baraza?

Zamu yangu ni baada ya siku kumi. Niombee.

Binti yako,
Ilwad


Lund
17 Machi 1997

Aabo,

Zamu imekwisha. Siku sita nilizopewa, mbili zilikufa, sumaku moja ilipata joto na mwanga ukazimwa kwa kila mtu. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nikila mkate na kukasirika kwa Kisomali. Nne zilizobaki zilitosha. Nimepata vikundi vya saba, vya kumi na mbili, na vikubwa zaidi, na kila kimoja kilishika elektroni zake kwa namna yake. Profesa ameangalia michoro yangu saa nzima, kisha akauliza, umejuaje? Nikamjibu. Akaenda kuleta kahawa, kikombe cha pili kikawa changu.

Kutoka kwako hakuna neno. Kwa Salat hakuna neno. Mtambo unafika baada ya siku tatu, kama haujachelewa. Je, barua ulimpa?

Mtu asiyejibu barua anamtesa mwenzake, Aabo. Andika hata matusi.

Ilwad


Hagar Weyn
11 Aprili 1997

Kwa binti yangu Ilwad,

Assalamu alaykum wa rahmatullah. Kalamu ilikuwa na shughuli. Sasa kaa chini.

Barua yako kwa Salat ilikaa chini ya mto wangu siku tano. Mama yako Nafiso aliiona siku ya kwanza. Aliweka kiberiti juu ya mto, akaondoka. Hivyo ndivyo mama yako anavyogombana. Siku ya sita nikakirudisha kiberiti jikoni.

Baraza lilikuwa Ijumaa baada ya swala, mtambo umeshafika, umesimama kando ya shule kama twiga mgonjwa, na injinia wake Kyalo anaangalia saa. Nikasimama. Nikasema: "Ile karatasi niliyosoma, maneno ya laga hayakuwemo. Niliyatia mimi. Binti yangu hakuyasema. Binti yangu anahesabu maji saba, hajui shimo."

Ilwad, nimesikia bunduki nyingi. Kelele ile ilikuwa zaidi. Abdimalik aliruka. "Kwa hiyo mzee ulikuwa unasoma nini?"

"Nilikuwa nasoma kichwa changu," nikamwambia. "Wewe chako kina nini ndani, tukisome?"

"Tumedanganywa na dubas mzee!" akasema. "Tuchimbe hapa, tumalize!"

Nikampa Salat bahasha yako. Akaifungua mbele ya wote, akasoma kimya, kisha akavua miwani. Akamwambia karani, "Leta hiyo kalamu." Akaandika yeye mwenyewe. Mimi nikasema, yeye akaandika. Shimo la 1953, majina ya dubas wote sita, ng'ombe, chafya ya ngamia, chai, punda. Kurasa nne na robo. Niliposema haraka aliniambia, "Polepole, adeer, mzee wangu, usinipite." Watu walikaa mpaka jua likageuka.

Abdimalik akasema, "Na shahidi wako wa laga ni nani? Punda?"

Hapo ndipo mama yako aliposimama nyuma, kati ya wanawake. Akasema, "Mimi ndiye punda. Nilibeba maji yale wiki tisa, na wewe Abdimalik ulikuwa unakuja kwangu kila jioni na kibuyu, ukisema usimwambie mtu." Wanawake walicheka mpaka mtoto mmoja akalia. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema zamani. Akasema, "Ulikuwa umeshajenga uongo, nikasema nisiingie nyumba isiyo yangu."

Injinia Kyalo akasema amebakiwa na siku nane, hawezi kungoja hadithi. Nikamwambia kuhusu kijiti cha umeme. Akashangaa, "Mzee, wewe umekijua wapi?" Nikamwambia mimi ni mtu wa mambo mengi. Vijana thelathini wakafukua shimo la 1953, siku nne, kwa zamu. Maji yakaja rangi ya chai ya maziwa. Akachovya kijiti, akakitazama, akakipangusa, akachovya tena. Akakunja uso. Akasema kwa Kiswahili chake cha Machakos, "Hii hata sabuni haitatoa povu."

Wakahamisha mtambo. Wamechimba kwenye laga, mita tisini na nne. Maji yamekuja. Sitakudanganya tena kwenye karatasi, si matamu kama ya 1984. Yana ukali kidogo, chai inaomba sukari kijiko kimoja zaidi, na Abdimalik anauza sukari, kwa hiyo naye ameridhika. Lakini ng'ombe wanakunywa. Wanainamisha kichwa na hawageuzi shingo. Nilisimama hapo asubuhi nzima nikitazama shingo. Waliobaki kwangu ni tisa, sasa nakuandikia hesabu.

Shule ni mbali na laga, watoto wanatembea. Wananilaumu kwa hilo. Sawa, wanilaumu.

Sasa jambo la mwisho, nalo ndilo limenichelewesha kuandika. Wazee walikaa kuhusu mimi. Wakasema nimelidanganya baraza, nikatoa kondoo dume, akaliwa, alikuwa mnono kuliko kondoo wote wa ukame huu, yeyote aliyekula atasema. Nikadhani yamekwisha. Salat akasema hayajaisha. Akasema kuna mtu ametiwa maneno mdomoni akiwa mbali, na mtu huyo naye anadaiwa haal, ile ya kumwosha mtu uso aliyeaibishwa. Nikasema, "Ni mtoto wangu!" Wakasema, "Alitajwa mbele ya baraza, ataoshwa mbele ya baraza." Nikasema tangu Mungu aumbe ngamia hakuna baba aliyempa binti yake haal. Wakasema basi nitakuwa wa kwanza, kwa kuwa napenda kuwa wa kwanza.

Kwa hiyo, Ilwad Hared, katika wale ng'ombe tisa nimetoa mmoja. Ni mtamba mwekundu, paji lina doa jeupe, ana mimba ya miezi mitano, na ndiye anayekunywa wa kwanza kila asubuhi kwa sababu anasukuma wenzake. Si wa urithi, si wa mahari, si zawadi. Ni haki yako iliyohukumiwa na wazee. Nimemkata alama sikio la kulia mimi mwenyewe. Ndama naye ni wako. Mimi ni mchungaji tu.

Na mtu yeyote akisema siku moja kwamba ng'ombe huyo ni wa Hared, mashahidi ni hawa: Mwalimu Salat Shuaib, aliyeandika katika kitabu cha kamati, Abdimalik wa duka la shule, adui yangu, hawezi kunisemea uongo, mzee Alio wa duka la nguo, aliyekuja kutoka Garissa akashika kamba, injinia Kyalo wa Machakos, ambaye hajui sheria zetu lakini alikuwepo, na mama yako Nafiso, aliyeshika sikio nikikata.

Hared Nuh